Noti Moja Ngeni

Wako watu wadhanio kuwa wimbo mkuu sharti uwe na kishindo, na kwamba mtungaji asiyeonyesha ufundi mwingi hana ufundi. Dhana hiyo yakanushwa na wimbo mmoja wa kwaya wa zama zetu, O Magnum Mysterium, uliotungwa na Morten Lauridsen wa Marekani. Uliimbwa mara ya kwanza na kwaya ya Los Angeles Master Chorale mwezi wa Desemba, 1994.

Maneno yake ni ya Kilatini, nayo ni ya kale, ya sala za usiku wa Krismasi. Yasimulia ajabu ya wanyama kumwona Bwana amelala horini, kisha yamsifu Bikira aliyestahili kumchukua mimba. Watungaji wengi wameyatilia muziki. Tomás Luis de Victoria wa Hispania alichapisha wake mwaka 1572. Humo sauti hufuatana, moja ikiiga nyingine. Lauridsen ameshika njia nyingine. Sauti zake huenda pamoja, polepole, bila kinanda, mfano wa watu waingiao mahali patakatifu wakichelea kuvunja kimya.

Utamu huu una hatari yake, maana asali ikizidi hukinaisha. Tena mtungaji alikabiliwa na jambo zito: mama aliyepewa heshima hiyo ndiye atakayemwona mwanawe akisulubiwa. Huzuni hiyo itaingiaje katika wimbo wa furaha?

Lauridsen ameeleza kuwa alipima njia kadhaa, mwisho akachagua noti moja tu. Wimbo wake umejengwa juu ya ngazi ya D, yenye noti saba. Katika wimbo mzima hamna noti iliyo ngeni kwa ngazi hiyo ila moja, ikaayo baina ya fa na so. Waimbaji wa alto huitoa katika neno Virgo, yaani Bikira, nayo hugongana na sauti za wenzao. Sikio hushtuka, kama mguu ukanyagao mwiba penye majani laini.

Mtungaji asema aliongozwa na picha ya Francisco de Zurbarán ya mwaka 1633. Ndani yake mna malimau, machungwa, waridi na kikombe cha maji mezani. Nyuma ni giza. Vitu ni vichache, na kila kimoja chaonekana sana kwa sababu hakisongwi na vingine.

Hivyo ndivyo ilivyo noti ile. Kama ingalikuwa na wenzake kumi, nani angaliitambua? Mgeni mmoja kati ya wenyeji saba hajifichi. Kwa hiyo utamu wa wimbo huu si udhaifu. Ni uwanja uliofagiwa ili uchungu uonekane. Anayeusikiliza kwa kuburudika tu amepata nusu yake. Nusu ya pili ni ya yule aliyelisikia neno Virgo, akajua kwa nini liliuma.