Maneno Yao kwa Maana Zetu: Kasoro Katika Mihadhara Yetu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tulihudhuria mhadhara mmoja hapa Mkata, kwenye njiapanda inapochepuka barabara ya Handeni kutoka barabara kuu ya Chalinze na Segera. Mhadhiri, ndugu yetu mwenye ari, alisema kwamba Wakristo wote wanahalalisha nguruwe. Akainuka mzee mmoja, akasema kwa upole: "Maalimu, mimi ni Msabato. Nyama hiyo siigusi." Watu wakacheka, na yaliyofuata hayakusikilizwa tena. Kosa hili si la mtu mmoja. Ni la njia tunayoipita wengi wetu, na sisi tumo.

Maulamaa wa usuli wana kanuni mashuhuri: kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tujiulize, je, tunayafahamu tunayoyajibu?

Tatizo la kwanza ni lugha. Maneno mengi ya Wakristo kwa Kiswahili yana asili ya Kiarabu kama yetu: kanisa, kasisi, askofu, msalaba, madhabahu, Injili. Tukiyasikia tunadhani tumekwisha kuyajua. Tuchukue neno "mtume". Sisi twakusudia aliyeletewa sheria na Mola wake. Biblia ya Kiswahili inawaita mitume wale wanafunzi kumi na wawili wa Yesu, ambao Qur'ani inawaita Hawariyyun. Anayewauliza Wakristo "Petro aliteremshiwa kitabu gani?" ameuliza jambo wasilolidai.

Vivyo hivyo Injili. Kwetu ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa (A.S.). Kwao ni habari njema, na pia vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana vinavyomhusu Yesu. Na Ruhul-Qudus kwa wafasiri wetu wengi ni Jibril (A.S.), lakini Roho Mtakatifu kwao ni mmoja wa nafsi tatu za Mungu mmoja. Hapa ndipo penye Utatu, itikadi iliyowekewa matamko katika mabaraza ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381. Sisi tunaikataa, wala hatuna shaka katika hilo. Lakini wao wanasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Tukiwaambia tu "mna miungu watatu", watasema hatukuwasikia, na hoja yetu ya Tawhidi itakuwa imepotea bure.

Tatizo la pili ni madhehebu. Wakatoliki wanamtii Papa. Waanglikana na Walutheri hawamtii. Wote hao hubatiza watoto wachanga, hali Wapentekoste na Wasabato hubatiza mtu aliyekwisha kuamini, kwa kuzamishwa majini. Mashahidi wa Yehova wanaukataa Utatu wenyewe! Anayewahutubia saa nzima kuubatilisha Utatu anabisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Haikuwa hivi kwa waliotutangulia. Imamu Shahrastani, aliyefariki mwaka 548 Hijria, katika kitabu chake cha al-Milal wan-Nihal aliwapambanua Wakristo wa Malkaniyya, Nasturiyya na Yaaqubiyya, na akaeleza kauli ya kila kundi. Na Qur'ani yenyewe, Suratul-Maida aya ya 82, imetaja makasisi na watawa wao kwa majina ya kazi zao.

Sisi pia tumeonja uchungu wa kusomwa vibaya. Mwaka 1923 kasisi wa Kianglikana Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA iliyokuwa Zanzibar na Magila huku kwetu Tanga, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Maelezo aliyoyatia yalikuwa ya mpinzani, na wanazuoni wetu waliikosoa kwa haki. Je, itafaa tuwafanyie wengine lile tulilolilalamikia?

Huenda mtu akasema: kuwafundisha vijana itikadi hizi ni kuwatia katika shaka. Tunamjibu kwamba hatusemi waanze nazo. Waimarishwe kwanza katika Tawhidi, kisha wale wakubwa wafundishwe maana za maneno haya na tofauti za madhehebu haya, kwa kauli za wenyewe. Shaka humwingia zaidi kijana aliyefundishwa jambo madrasa, akaenda kumkuta jirani yake hivyo sivyo alivyo.

Na jirani huyo mara nyingi ni ndugu. Katika Handeni na Korogwe si ajabu watoto wa tumbo moja kuwa mmoja msikitini na mwingine kanisani. Tunakutana misibani na harusini. Kumzulia mtu asilolisema ni buhtani, hata akiwa si Muislamu. Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaochukiana nao, sembuse kwa mtoto wa mama.

Basi, ewe ndugu mhadhiri, kabla hujapanda jukwaani muulize jirani yako anaamini nini. Kisha umjibu hilo.

Wallahu a'lam.