Mjibizano wa Washairi na Insha ya Utafiti: Mfano wa Garissa

Uandishi wa kitaaluma katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu aghalabu hufunzwa kama kanuni za kunukuu: jina, mwaka, ukurasa. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2017, mkabala huo utapuuza hazina iliyo karibu.

Kama alivyobainisha B. W. Andrzejewski, mghani wa shairi la Kisomali hutarajiwa kulihifadhi neno kwa neno na kumtaja mtunzi wake. Hivyo basi, wajibu wa kutaja chanzo si jambo geni kwa mwanafunzi aliyelelewa katika utamaduni huo. Hata hivyo, anayehifadhi haruhusiwi kubadili neno, ilhali anayetafiti hana budi kulipima. Ugumu wa mwanafunzi umo humo: huzipanga kauli za wataalamu kwa unyenyekevu, kisha akaishia hapo.

Ushairi uo huo una jibu. Katika msururu wa Guba, ulioanzishwa na Cali Dhuux katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, washairi walijibizana, hoja ya mmoja ikipokewa na kupingwa na mwingine. Insha ya utafiti ni mjibizano wa namna hiyo, ila ushahidi wake sharti uweze kukaguliwa na msomaji. Mwalimu na aanze kwa kumfunza mwanafunzi kujibu, ndipo tanbihi zipate maana. Pasipo hilo, chuo kitatoa wahifadhi hodari wa kauli za wengine, na fasihi ya Kaskazini Mashariki itazidi kuhakikiwa kutoka mbali.