Uhakiki wa Istilahi "King'amuzi" na "Kisimbuzi" kwa Kurejelea Kiolesura cha Televisheni ya Dijiti katika Linux

1.0 Utangulizi

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, takribani miaka miwili na nusu kabla ya ukomo wa kimataifa wa tarehe 17 Juni 2015. Kifaa kilichokuwa kigeni kikageuka bidhaa ya kawaida katika maduka ya Kariakoo, nacho kikapata majina mawili: king'amuzi na kisimbuzi. Makala haya yanahakiki majina hayo kwa kuyalinganisha na namna mfumo endeshi huria wa Linux unavyovigawa na kuviita vijenzi vya kifaa hichohicho. Hoja inayotetewa ni kwamba majina yote mawili yanaficha tofauti ambayo mnunuzi huilipia.

Uhakiki unaongozwa na mawazo mawili. Kwa Wüster, dhana hutangulia istilahi, na kila dhana yastahili jina lake. Kwa Cabré, istilahi huishi katika mawasiliano, hivyo haiwezi kupimwa nje ya watumiaji wake.

2.0 Mgawanyo wa Kazi katika Kiolesura

Kiolesura cha televisheni ya dijiti katika Linux hakikitambui kifaa kizima kama kitu kimoja. Chini ya saraka ya /dev/dvb, kila kazi ina faili lake. Faili la frontend husimamia kuteka masafa na kuyageuza mawimbi kuwa mkondo wa data. Demux huchuja mkondo huo na kutenga picha, sauti na taarifa za kila chaneli. Dvr huupitisha mkondo uliochujwa kwa ajili ya kurekodi. Na ca hushughulikia chaneli zilizofungwa kwa ajili ya wateja wanaolipa. Katika kadi za awali zilizokuwa na maunzi ya kufasiri MPEG, kazi hiyo nayo ilikuwa na mafaili yake, video na audio.

Kwa mgawanyo huu, kufasiri picha iliyobanwa na kufungua chaneli iliyofungwa ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza huhitajika kwa kila chaneli, hata ya bure. Ya pili huhitajika kwa chaneli zilizofungwa tu. Kitenzi simbua kinazibeba zote mbili. Kwa hiyo neno kisimbuzi, ambalo kwa sura ni sahihi zaidi kuliko king'amuzi, lina utata mahali penye pesa hasa. King'amuzi, linalotokana na ng'amua, yaani kutambua jambo lisilo wazi, halina utata huo kwa kuwa halitaji kazi yoyote mahususi. Udhaifu wake ni upana.

3.0 Funzo la Mwaka 2008

Watunzi wa Linux nao walikumbwa na tatizo la kutaja. Katika toleo la tatu la kiolesura, vipokezi vya mawimbi ya nchi kavu viliainishwa kwa jina la mbinu ya kubebea mawimbi, OFDM. Jina hilo lilitosha wakati DVB-T ilikuwa peke yake, lakini DVB-T2 na ISDB-T nazo hutumia OFDM, hivyo jina halikutenganisha chochote. Aidha, muundo wa data ulikuwa umefungwa kiasi kwamba mfumo mpya wa setilaiti, DVB-S2, haukuweza kuingizwa bila kuziharibu programu za zamani. Toleo la tano, lililoingia katika Linux 2.6.28 mwezi Desemba 2008, liliweka orodha ya sifa zinazoweza kuongezwa, na kifaa kikaanza kutajwa kwa mfumo wa utangazaji kinaoupokea. Funzo ni kwamba jina lililojengwa juu ya sifa ya pamoja huchakaa mara dhana jirani inapozaliwa.

4.0 Athari kwa Mtazamaji

Huenda ikadaiwa, kwa kumfuata Cabré, kwamba mteja wa Kariakoo hahitaji uchambuzi huu, kwani akisema king'amuzi anaeleweka. Dai hilo lina nguvu dukani, lakini hudhoofika pale haki inapojadiliwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliagiza baadhi ya kampuni za televisheni za kulipia ziondoe chaneli za ndani za bure, kwa msingi wa masharti ya leseni. Mtazamaji aliyekuwa na neno moja tu kwa kupokea, kufasiri na kufungua, hakuwa na lugha ya kuuliza ni kazi ipi aliyoilipia na ni ipi aliyonyimwa.

Hata hivyo, kiolesura cha Linux kisitukuzwe kupita kiasi. Faili la ca hufaa zaidi pale moduli ya kufungulia inapochomekwa katika nafasi ya kawaida. Pale usalama unapojengwa ndani ya chipu, mlango huo hupitwa kando, na uhuria wa mfumo haumpi mtazamaji ufunguo.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa king'amuzi libaki kuwa jina la kifaa kizima, kwa kuwa limekwisha kukubalika. Kisimbuzi litengewe kijenzi cha kufasiri picha na sauti. Na kijenzi cha kufungua chaneli za kulipia kiitwe kifumbuzi, kutokana na fumbua. Thamani ya pendekezo hili haitaamuliwa na kamusi pekee. Itapimwa pale mteja atakapoweza kumuuliza muuzaji swali moja bila kuzunguka: je, king'amuzi hiki kina kifumbuzi, na kisipolipiwa, kisimbuzi chake kitaendelea kunionyesha chaneli za bure?