Kinjeketile Darasani: Ngarambe Iko Wapi?

Wahakiki wengi wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) wameshughulikia suala la uongozi na imani: je, maji yalikuwa uongo au yalikuwa silaha? Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya jinsi tamthiliya hii inavyofundishwa, hasa kule kule ilikochipuka, yaani Rufiji na Kibiti.

Hebu tuangalie historia yake kwanza. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, na ni huko watu walikomiminika kuanzia mwaka 1904 kufuata dawa ya maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905. Sehemu zote mbili ni Rufiji. Miaka ya 1960 watafiti wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo G.C.K. Gwassa, wakaenda kuwasikiliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Wazee wakasimulia njwiywila, ule mnong'ono uliopita kijiji hadi kijiji bila Mjerumani kujua. Wakasimulia pia likinda iliyochezwa Ngarambe, kila kundi na lake, watu wakiimba kama wanaopeleka harusi.

Ni kweli Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, tusimchanganye na yule wa historia. Lakini vita anayoiigiza jukwaani tunaijua, kwa sehemu kubwa, kupitia vinywa vya watu wa kule.

Sasa mtoto wa Kibiti anapewa nini? Sisi tuliosoma tamthiliya hii sekondari tunajua: dhamira nne, wahusika watano, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Tukadesa, tukafaulu, basi. Hakuna aliyetuuliza kama nyumbani kuna mtu anayejua likinda ni nini. Na swali hilo, kwa maoni yangu, lingetikisa silabasi nzima. Likinda ni ngoma? Ni mazoezi ya vita? Ni tambiko? Tanzu tulizokaririshwa kidato cha kwanza, hadithi, semi, ushairi, sanaa za maonyesho, haziwezi kuibeba bila kuikata vipande. Mwalimu anatoa mfano wa majigambo ya Wahaya (mazuri sana, sikatai) huku nje ya dirisha kuna bonde zima la mpunga ambako watu hulala kwenye madungu kulinda mazao, na usiku ule haupiti kimya. Mikeka ya ukindu, yenye rangi na mapambo yake, ikibahatika inaingia kwenye stadi za kazi. Kwenye fasihi haina nafasi, eti haina maneno.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa. Walimu wengi wanauogopa utamaduni wa kule kwa sababu ya unyago: mwali anatolewa ndani, mara posa imefika, darasani kiti kitupu. Hofu hiyo ni ya haki. Ila tumeitumia kufungia mlango kila kitu, hata nyimbo za kutwanga na hadithi za sungura. Tena tusijidanganye kwamba makungwi wanatusubiri. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na mwalimu wa kiume akiziandika ubaoni mbele ya wavulana, huko ni kuwavua nguo wenye nazo. Mwalimu mwenye busara atafundisha kwamba zipo, atafundisha kwa nini hazisemwi hadharani, kisha ataacha hapo. Hilo nalo ni somo la fasihi simulizi: hadhira ni nani, na nani haruhusiwi kusikia.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unazungumzia sana ujuzi na sanaa. Vizuri. Lakini mwenye ujuzi huo bondeni hana cheti, na sijaona popote panaposema nani atamlipa nauli ya mtumbwi kutoka visiwa vya delta hadi shuleni. Kwa sasa tunamwita siku ya mgeni rasmi. Anapiga ngoma dakika kumi juani, anapewa soda moja, na kengele ikilia wanafunzi wanaingia darasani kuendelea na tanzu za fasihi simulizi.