Nafasi tupu 20,000 zilizoiangusha Stack Overflow

Tarehe 20 Julai 2016, tovuti ya Stack Overflow, ambako waandishi wa programu duniani kote huulizana maswali, ilizimika kwa dakika 34. Haikudukuliwa, wala hakuna seva iliyoungua. Iliangushwa na rejeksi fupi, yaani mchoro wa kutafutia maandishi, iliyopewa kazi ndogo kabisa: kufuta nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari.

Ukiiondolea kipande kinachoshughulikia alama moja isiyoonekana, ilikuwa hivi: ^\s+|\s+$. Waandishi wa programu wengi wameiandika. Upande wa kushoto hauna tatizo, kwa sababu ^ inaibana injini, yaani programu inayoitekeleza rejeksi, ianzie mwanzoni mwa mstari tu. Gharama iko kulia. Pale injini inaambiwa itafute nafasi tupu zinazoishia mwisho wa mstari, lakini haiambiwi ianzie wapi, kwa hiyo inajaribu kila mahali.

Siku ile liliingia andiko lenye nafasi tupu zipatazo 20,000 mfululizo, na baada yake herufi nyingine. Injini ilianza kwenye nafasi ya kwanza, ikazimeza zote, ikakuta herufi badala ya mwisho, ikarudi nyuma nafasi moja moja ikishindwa kila ilipopima. Kisha ikasogea hadi nafasi ya pili, ikameza 19,999, ikashindwa vilevile. Jumlisha 20,000 na 19,999 na 19,998 mpaka 1: ni takriban milioni 200, kwa mstari mmoja usio na chochote cha kufutwa! Nafasi zikiongezeka maradufu, kazi inakuwa mara nne.

Andiko hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na mtambo unaogawa maombi kwa seva ulitumia ukurasa huohuo kupima kama seva ziko hai. Prosesa zikalemewa, ukurasa ukachelewa, seva zikaondolewa kazini. Mafundi walitumia dakika 10 kutambua chanzo, 14 kuandika marekebisho na 10 kuyasambaza. Waliitoa rejeksi, wakaweka msimbo wa kawaida wa kukata maneno. Msimbo wa namna hiyo hutazama herufi ya mwisho kwanza. Ikiwa si nafasi tupu, kazi imekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaopima kasi ya rejeksi kwa maandishi inayoyapata. Ikipata, huwa ya haraka karibu kila mara. Ipime inapokosa, tena kwa maandishi marefu yanayokaribia kufanana na inachokitafuta.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo zamani. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kufuatilia uwezekano wote kwa pamoja, herufi baada ya herufi, bila kurudi nyuma. RE2 ya Google na rejeksi za lugha ya Go zimejengwa juu ya msingi huo. Bei yake ni kwamba mchoro hauwezi kurejelea kipande kilichokwisha kupatikana, na kwa kazi nyingi za kubadilisha maandishi hilo halihitajiki hata kidogo. Kwenye .NET, jukwaa la Stack Overflow yenyewe, injini ya namna hii ilikuja na toleo la 7 mwaka 2022, nayo ni ya hiari: usipoichagua, injini inayorudi nyuma ndiyo inayofanya kazi.