Tene na Mituki: Maneno ya Kikamba katika Taaluma ya Chuo Kikuu

Kuingiza elimu ya jadi katika masomo ya chuo kikuu ni jambo linalosifiwa mara nyingi, lakini ni nadra kuulizwa maneno yaliyoibeba elimu hiyo yamepatwa na nini njiani. Kazi ya John Mbiti (1931–2019), mzaliwa wa Kitui, yatoa kipimo kizuri cha swali hilo.

Katika African Religions and Philosophy (1969), kitabu alichokitoa alipokuwa mwalimu wa Makerere, Mbiti alidai kuwa fikra ya jadi ya Kiafrika ina wakati uliopita mrefu na wakati uliopo, lakini haina karibu chochote cha wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake mkuu ulikuwa orodha ya njeo za vitenzi vya Kikamba. Hata hivyo, nyakati zenyewe aliziita kwa Kiswahili: Sasa na Zamani. Katika New Testament Eschatology in an African Background (1971), kilichotokana na utafiti wake wa Cambridge, istilahi ni za Kikamba: Mituki na Tene.

Badiliko hilo si dogo. Kiswahili kina -li- kwa tendo la asubuhi ya leo na kwa tendo la karne iliyopita. Kina -ta- kwa kesho na kwa miaka mia ijayo. Kikamba hupambanua umbali wa wakati ndani ya kitenzi chenyewe, na upambanuzi huo ndio nguzo ya hoja ya Mbiti. Tena Mswahili aweza kusema mgeni "amekwisha fika zamani", ilhali mgeni huyo amefika saa moja tu iliyopita. Hivyo istilahi zilizochaguliwa zinaficha jambo lile lile lililotakiwa kuthibitishwa.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Hoja iliyotoka Ukambani ilisomwa kuwa hoja ya Afrika nzima. Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana aliipinga kwa kutumia Kiakan. Pingamizi hilo lina nguvu dhidi ya dai la jumla, lakini swali la Kikamba lilibaki pale pale.

Swali hilo lingeweza kuulizwa Kitui na Makueni. Mkulima wa huko hutenga mbegu akitazamia nthwa, mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huaminika kuliko uua, mvua za Machi hadi Mei. Kwa kazi ya pamoja ya mwethya watu wamechimba matuta ya kuhifadhi udongo kwa miaka mingi ijayo. Masimulizi ya Syokimau, mtabiri anayesemekana kuiona reli kabla haijafika, nayo yanahitaji wakati ujao wa mbali, hata ikiwa yalitungwa au kurekebishwa baadaye. Yaelekea basi kwamba njeo hupima ukaribu wa tendo, wala si mpaka wa fikra. Hilo haliwezi kuamuliwa bila kuyasikiliza masimulizi hayo kwa Kikamba chake.

Haisemwi hapa kwamba Mbiti hakuithamini lugha yake. Aliandika Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954. Kasoro ni ya desturi ya vyuo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Dai hilo lilishinda, lakini kuingiza hadithi darasani ni jambo moja, na kuiingiza pamoja na lugha yake ni jambo jingine.

Tangu mwaka 2013 Kitui ina chuo kikuu chake chenye hati, South Eastern Kenya University, huko Kwa Vonza. Wenye kujua tofauti ya nthwa na uua, ya tene na mituki, wanaishi jirani nacho. Yafaa matini ya Kikamba iwekwe mbele ya mwanafunzi kabla ya tafsiri, na wazee waulizwe kuhusu maana, wasiombwe hadithi tu. Bila hivyo, chuo kitapokea elimu ya jadi na kuliacha mlangoni neno ambalo lingeweza kuisahihisha.