Oili Ikivuja: Namna ya Kuijua Kazi Iliyofanywa Vizuri

Ukifungua boneti ya Corolla ya miaka ya 1990 ukakuta silikoni nyekundu imetokeza kandokando ya tapeti kava na kukaukia hapo nje, huna haja ya kuuliza kazi ilifanywaje. Kama imebanwa ikatoka nje, nyingine imebanwa ikaingia ndani. Hiyo ya ndani hulowa oili ya moto, hukatika vipande, na vipande huteremka hadi kwenye chujio la pampu lililomo ndani ya sampu. Injini iliyokuwa ikipoteza matone machache kwa usiku sasa iko hatarini kukosa oili kwenye beringi za krenki. Kwangu mimi, afadhali gari linalovuja.

Kuziba uvujaji wa oili ukiwa nyumbani si kazi nzito. Tapeti kava ya injini kama 5A-FE hutoka kwa spana chache, na mtu mtulivu huimaliza asubuhi moja. Ugumu uko kwenye kujua oili inatoka wapi, kwa sababu unachokiona ni pale ilipofikia. Hutoka juu, upepo wa safari huisukuma nyuma, hufuata kingo za bloku, kisha hudondoka sakafuni mbali kabisa na chanzo. Anayetazama doa chini na kutaja sili ya krenki papo hapo anakisia tu.

Ndiyo maana mtu wa kuaminiwa huanza kwa kuosha. Hufunika alteneta na distributa kwa nailoni, hupaka dawa ya kuondolea grisi injini ikiwa imepoa, husugua kwa brashi, husuuza na kuacha ikauke. Hatumii petroli, maana mvuke wake unahitaji cheche moja tu. Kisha hunyunyiza poda ya watoto sehemu zinazotiliwa shaka, huendesha kilomita chache, hurudi na kutazama kwa tochi na kioo kidogo. Poda hubadilika rangi oili inapopita. Anachotafuta ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Zilizo chini yake kwa kawaida zimelowa kwa sababu ya hiyo.

Kwenye injini za Toyota za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE zenye distributa kuna mtego ambao ni kipimo kizuri cha fundi. Distributa imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa gia boksi, na huzungushwa na kamshafti. Inazibwa na oringi moja ya mpira. Mpira huo ukikakamaa, oili huteremka hadi kwenye maungio ya injini na gia boksi, palepale ambapo oili ya sili ya nyuma ya krenki ingeonekana. Matokeo yake mwenye gari huambiwa gia boksi ishushwe kwa ajili ya oringi ya bei ndogo ambayo hubadilishwa bila hata kuingia uvunguni. Ukiambiwa "ni sili ya nyuma," uliza kama kidole kimepitishwa chini ya distributa. Ukijibiwa kwa kigugumizi, funga boneti uondoke.

Swichi ya oili nayo hudanganya vivyo hivyo. Huvujia kwenye kiungo cha plastiki na chuma, na waya wake hulowa. Filta ya oili hudanganya pale mpira wa filta ya zamani unapobaki umeganda kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake. Washa ya nati ya kumwagia oili ikirudiwarudiwa huchoka. Vitu vidogo kama hivi hukaguliwa kwanza.

Kuna swali lingine ambalo wengi hawaulizi: injini inapumua? Gesi hupenya ringi za pistoni na kuingia chini, na valvu ya PCV ndiyo inayozirudisha kwenye hewa inayovutwa na injini. Valvu ikiziba kwa masizi, shinikizo hupanda na kuisukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Valvu nyingi za aina hiyo ukizitoa na kuzitikisa hulia ndani. Isiyolia ina walakini. Aliyebadilisha gasketi bila kuigusa valvu huenda ameacha kisababishi mahali pake.

Gasketi ya zamani ina mengi ya kueleza. Ikunje. Nzima hurudi, iliyokwisha hubaki ilivyokunjwa au hukatika kama kandambili iliyosahaulika juani. Mpya ukainunue ukiwa na kava mkononi, iwe Gerezani kwa wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, kwa sababu boksi lenye nembo ya kiwanda halithibitishi kilichomo. Ilaze kwenye mfereji wa kava. Nzuri hukaa yenyewe, pembe zake zikiingia bila kuvutwa. Ikiacha kitanzi cha ziada au ikibidi kunyooshwa, mrudishie muuzaji. Pitisha ukucha kwenye midomo yake; ukigusa mkunjo wa mpira ulioachwa na kalibu, iache. Nunua pia sili za mirija ya plagi na washa za mpira za nati za kava. Mtu anayebadilisha gasketi kubwa peke yake ataifungua tena injini hiyo, mara nyingi baada ya plagi kuanza kuogelea kwenye oili na injini kukohoa.

Sehemu inayokula muda, na ambayo mwenye gari huwa haioni, ni kukwangua. Aluminiamu ni laini. Bisibisi inayobandua gasketi ya zamani huchora mifereji ambayo oili itaifuata, kwa hiyo tafuta kikwangulio cha plastiki au cha mti. Msasa wa kuzungushwa na drili ni mbaya zaidi, kwani vumbi lake huingia ndani ya injini. Mwisho nyuso zote mbili hufutwa kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Sampu ya bati ina tatizo lake: kuzunguka matundu ya bolti bati hujikunja kwa sababu ya wakazaji wa awali. Igongwe taratibu juu ya kitu bapa hadi ukingo unyooke. Hakuna gasketi, hata ya bei gani, itakayofidia ukingo uliopinda.

Silikoni ina haki yake pia. Kwenye injini nyingi huwekwa tone kwenye pembe ambapo kifuniko cha beringi ya kamshafti hukutana na hedi. Kwenye 1NZ-FE, ile ya Vitz na Probox, sampu haina gasketi ya kukata. Kiwandani yenyewe huzibwa kwa dawa ya majimaji. Kinachotazamwa ni kiasi: mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 2 au 3, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, juu ya uso mkavu. Kava au sampu hufungwa ndani ya dakika chache, kisha dawa huachwa ishike kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Anayewasha injini palepale ili "tuone" anaiharibu kazi yake mwenyewe.

Kukaza huanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko, na nguvu haitakiwi nyingi. Bolti za milimita 6 zinazoingia kwenye aluminiamu huhitaji karibu nyutoni-mita 10, na kava nyingine chini ya hapo. Kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Ukimwona mtu anakaza zaidi kwa sababu bado inavuja, mzuie. Mpira unatoka kwenye mfereji, kava inapinda, na uzi wa bolti unang'oka pamoja na aluminiamu yake.

Injini iliyooshwa ikiwa kavu siku ya kwanza hakuna ilichothibitisha. Itazame baada ya wiki, na tena baada ya kilomita mia kadhaa, huku ukisoma kijiti cha oili. Unyevunyevu wa jasho kwenye injini ya miaka 25 si ugonjwa. Uliza pia oili gani imewekwa. Injini ya 10W-30 iliyojazwa 20W-50 huvuja polepole kwa sababu ya uzito tu, na mwenye gari hudhani imetengenezwa. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji huvimbisha mpira uliokakamaa kwa muda. Gasketi iliyopasuka haziiwezi.

Ikiwa kweli ni sili ya nyuma, kazi hiyo mpe mwenye lifti; uzito wa gia boksi si wa kubebwa kifuani chini ya gari, hata kama limekaa kwenye stendi. Hapo jukumu lako ni kuwepo kabla gia boksi haijarudishwa. Pitisha ukucha pale sili inapogusana na krenki. Ukikuta mfereji umechimbika, mwambie fundi sili mpya ikae milimita moja au mbili kando ya njia ile, midomo yake ikiwa imepakwa oili, na ikae sawasawa pande zote.